Kwa nini sarafu ya dola moja yenye mrusha kisahani hailipii nauli?

Mpelekee sonara yeyote wa mjini Mwanza sarafu ya fedha ya dola moja ya Marekani ya mwaka 1983, ile yenye mrusha kisahani. Hatahangaika na maandishi. Ataiweka kwenye mizani na kukuta gramu 26.73, kisha ataisogezea sumaku. Shilingi 500 yetu yenye nyati hunaswa papo hapo, kwani ndani yake ni chuma kilichovikwa nikeli. Hii ya mrusha kisahani haitikisiki.

Asilimia 90 yake ni fedha. Asilimia 10 iliyobaki ni shaba, maana fedha tupu ni laini na huchubuka upesi. Piga hesabu: gramu 24 hivi za fedha halisi, ambazo zikiyeyushwa tu zina bei kubwa kuliko ile dola moja iliyoandikwa. Kisheria ni pesa halali, lakini nani mwenye akili timamu ampe konda wa daladala la Igoma?

Basi waliandika dola moja ya nini? Bila thamani iliyowekwa na serikali, hicho kingekuwa kipande cha medali tu. Na lengo halikuwa matumizi ya sokoni. Sarafu hizo ziliuzwa kuchangia Olimpiki ya Los Angeles ya 1984: ndani ya bei ya kila sarafu ya fedha mlikuwa na dola 10 za kamati ya Olimpiki ya Marekani na waandaaji wa michezo. Mradi mzima, pamoja na sarafu za dhahabu, ulichangisha zaidi ya dola milioni 70. Sisi wenyewe tuna sarafu za namna hiyo. Mwaka 1974 zilitoka za fedha za kuadhimisha uhifadhi wa wanyamapori: shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye faru.

Sasa, kwa nini kisahani? Wagiriki wa kisiwa cha Kos walishamchora mrusha kisahani kwenye sarafu zao za fedha katika karne ya 5 KK, kando yake kigoda cha miguu mitatu. Karne hiyohiyo Myron, mchonga sanamu wa Kigiriki, alichonga sanamu yake maarufu ya mrushaji aliyejikunja. Ile ya shaba nyeusi ilipotea, tunaijua kwa nakala za marumaru za Waroma. Elizabeth Jones, aliyekuwa mchongaji mkuu wa kiwanda cha sarafu cha Marekani, aliichukua picha hiyo ya kale na kuirudufu mara tatu, moja ikiifunika nyingine, ili mwili uonekane unazunguka.

Kwa maoni yangu hakuna mchezo unaokaa vizuri zaidi kwenye sarafu. Mkuki unahitaji nafasi ndefu. Kisahani ni duara, cha kilo 2 kwa wanaume na kilo 1 kwa wanawake, na mrushaji huzunguka mara moja na nusu ndani ya duara la mita 2.5. Aliyewahi kuwatazama vijana wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wakirusha anajua jinsi mgongo unavyopinda kabla mkono haujaachia.

Ukibahatika kuirithi, usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno ing'ae. Sonara atakulipa uzito tu. Mkusanyaji wa sarafu ndiye anayelipia sura, na huiona mikwaruzo hiyo mara moja.