X-Trail, CX-5 au Forester: SUV ya familia kwa barabara na chumvi ya Malindi

Anayeuza Fielder, Wish au Premio ili apande SUV hapa Malindi hutajiwa majina yale yale: X-Trail, CX-5, Forester, Harrier, na mfuko ukibana, Vezel au C-HR. Kwenye yadi ataonyeshwa skrini, kamera na viti vya ngozi. Hayo yaache mwisho. Gari la familia hapa pwani hufia kwenye gia, huparuza tumbo au huliwa na kutu, na hapo ndipo magari haya yanapotofautiana hasa.

Tuanze na tumbo. Fielder iliyotoka kuanzia 2012 imeinuka karibu milimita 155 kutoka ardhini. X-Trail ya T32, iliyotengenezwa hadi 2022, ina 205 hivi, CX-5 ina 210, Forester ina 220. Harrier ya 2013 hadi 2020 ina 190 kwa petroli na hushuka hadi 175 kwa haibridi. Vezel iko kati ya 170 na 185. C-HR haibridi ina 140 tu, yaani iko chini kuliko hiyo Fielder unayoikimbia kwa sababu inagonga matuta. Na vipimo hivi ni vya gari tupu. Wakiingia watu watano, mtungi wa gesi na gunia la nazi nyuma, tumbo hushuka sentimita kadhaa, na springi zilizochoka hushuka zaidi. Kwa hiyo gari la kununua lijaribiwe likiwa limejaa, juu ya tuta unalolijua.

Upana nao usisahaulike kwa wanaoishi Mji wa Kale na mitaa ya ndani ya Shela. CX-5 ina milimita 1840, X-Trail 1820, Forester ya SJ (umbo lililoishia 2018) 1795, Vezel 1770. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, lakini inaonekana kwenye kioo cha pembeni mkokoteni unapotoka kona ya pili.

Sasa gia, na hapa tukae kidogo. X-Trail, Forester, Harrier ya petroli isiyo na turbo na Vezel ya petroli zinatumia CVT, yaani mkanda au mnyororo wa chuma unaobanwa na puli mbili kwa nguvu ya oili. CX-5 ina gia sita za otomatiki ya kawaida. CVT si mbaya kwa asili yake, ila haivumilii vitu viwili: joto, na oili isiyo yake. Hapa kwetu vyote viwili vinapatikana kwa wingi. Foleni ya Mtwapa saa saba mchana na kiyoyozi kimewashwa, au mchanga mzito ambapo magurudumu yanazunguka na gari haliendi, hupandisha joto la oili haraka. Oili ikichoka, puli hukosa kuushika mkanda sawasawa, mkanda huteleza, huchubua puli, unga wa chuma huingia kwenye vali za ndani, na kutoka hapo ni kununua giaboksi nyingine. Kompyuta ya gari hujaribu kujikinga kwa kupunguza nguvu. Ukisikia mtu analalamika kuwa X-Trail yake "inagoma kupanda mwendo" mchana lakini asubuhi ni nzima, dalili ni hiyo.

Nissan wanataka oili ya NS-3 kwenye T32. Honda wana HCF-2, Toyota wana CVTF FE, Subaru wana yao ya Lineartronic. Fundi akikuambia kwamba ATF (oili ya gia za otomatiki ya kawaida) ni ATF, chukua ufunguo wako uondoke. Kwa joto letu mimi hubadilisha oili ya CVT kila kilomita 40,000, na sisikilizi maneno ya "oili ya maisha". Kumwaga kupitia nati ya chini hutoa karibu nusu tu ya oili, kwa kuwa iliyobaki imo ndani ya toki konveta na mabomba, hivyo gari ambalo historia yake haijulikani libadilishwe mara mbili, zikipita kilomita elfu moja au mbili katikati. Kusukuma oili kwa mashine ya presha sipendi, maana takataka zilizotulia hutibuliwa zikaenda kuziba vali. Kiwango kipimwe oili ikiwa katika joto ambalo mtengenezaji ametaja, na skana imechomekwa. Wengi hujaza kwa macho, na ikizidi ni tatizo sawa na ikipungua.

Kwa sababu hiyo, kwa familia ambayo safari zake ni Malindi mjini, Watamu, Kilifi na Mombasa, CX-5 ya petroli ya lita 2.0 ndiyo ninayoiweka mbele. Gia yake ni ya kawaida, mafundi wengi wanaielewa, na kwenye lami ya Mombasa inatulia. Chukua ya umbo la pili, iliyoanza 2017, kwa kuwa imeongezewa matundu ya kiyoyozi kwa abiria wa nyuma. La kwanza halina, na watoto nyuma wataungua jua huku wewe mbele unaona baridi. Tafuta yenye rimu za inchi 17. Inachukua tairi 225/65R17, sawa na X-Trail nyingi, hivyo tairi hupatikana bila kuagizwa. Za inchi 19 huvaa 225/55R19: bei juu, ubavu mfupi, na shimo moja la usiku linapasua tairi na kukunja rimu.

CX-5 ya dizeli ya 2.2 ni hadithi nyingine. Ndiyo inayovutia watu kwa nguvu na kwa unywaji mdogo, na ndiyo inayowaliza. Ina kichujio cha masizi, ile DPF, ambacho hujisafisha kwa kuyachoma masizi gari likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu kwa takriban dakika 15 hadi 20 mfululizo. Gari linalopeleka watoto shule kutoka Muyeye, likapita sokoni, likarudi nyumbani, halifiki joto hilo. Uchomaji huanza, unakatizwa, unaanza tena, na kila mara dizeli ya ziada inayonyunyizwa kwa kazi hiyo huteremka kwenye oili ya injini. Chomoa kijiti cha oili: kina alama ya X juu ya F. Oili ikikaribia X, imechanganyika na dizeli na imekuwa nyepesi. Hapo utelezi umepungua, na masizi huziba chujio la bomba linalonyonya oili chini ya injini. Turbo hufa kwanza, beringi hufuata. Mwenye kwenda Mombasa na kurudi mara mbili kwa wiki anaweza kuitunza vizuri, akibadilisha oili yenye alama ya DL-1 au C3 kila kilomita 5,000. Wa safari fupi za mjini aiache.

Forester ni ya wanaoacha lami: njia za ndani za Marafa, Langobaya, mashamba ya nyuma ya Ganda wakati wa masika. 4WD yake ni ya wakati wote, na X-Mode, kitufe kinachodhibiti magurudumu yasizunguke ovyo, husaidia kweli kwenye utelezi wa udongo. Ya SJ iliishia 2018, kwa hiyo, kwa sheria ya miaka 8 iliyo hapo chini, utaipata iliyotumika hapa nchini tu. Ya SK ilianza mwaka huo huo. Angalia oili ya injini kila wiki, hasa kwenye injini za FB20 za mwanzo zilizokuwa na tabia ya kuila. Na tairi zote nne ziwe za aina moja na zilizochakaa sawa. Ukiweka moja mpya kwa tatu kuukuu, mzunguko wake unakuwa mkubwa, klachi ya kugawa nguvu hufanya kazi hata kwenye lami iliyonyooka, na huungua. Tairi moja uliyookolea pesa hukugharimu giaboksi.

X-Trail ina nafasi, spea zake zimejaa Mombasa, na zipo za viti saba. Safu ya tatu ni ya watoto, na ikisimamishwa buti halibaki. Kama una familia ya watu saba wazima, nunua Noah uishi kwa amani. 4WD ya X-Trail, tofauti na ya Forester, huunganishwa inapohitajika tu. Kwenye mchanga mrefu kiungo hicho hupata joto, hujizima, na gari hubaki likivutwa na magurudumu ya mbele tu. Kabla ya kulipia 4WD jiulize unaitumia siku ngapi kwa mwaka, maana unaongeza uzito, propela shafti, difu ya nyuma na oili zake. Gari la 2WD lenye tairi nzuri, ukishusha upepo hadi psi 18 au 20, hupita mchanga mwingi wa pwani. Beba pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari, urudishe hadi 33 ukifika lami.

Haibridi zina jambo lao. Feni inayopoza betri kubwa huvuta hewa ndani ya gari, mara nyingi karibu na kiti cha nyuma, na vumbi na mchanga wa miguuni huiziba. Isafishwe kila mwaka, na kiti hicho kisirundikiwe mikeka. Vezel haibridi ya kwanza ilitumia gia ya klachi mbili na iliitwa irudishwe mara kadhaa kule Japani, hiyo naipita. Kwenye RAV4 haibridi ya 2019 kuja juu yenye 4WD, lala chini uangalie kebo ya rangi ya chungwa inapoingia kwenye mota ya nyuma. Katika nchi wanazomwaga chumvi barabarani, kiungo hicho kiliota kutu mpaka gari likakataa kwenda. Sisi hatumwagi chumvi, inakuja yenyewe na upepo wa kusi.

Na hiyo chumvi haichagui chapa. Gari linalolala karibu na bahari, upande wa Casuarina kwa mfano, huanza kutoboka kwenye kondensa ya kiyoyozi, kwenye mabomba ya breki na kwenye viungo vya waya chini ya boneti. Osha tumbo la gari kwa maji matamu kila baada ya kupita ufukweni. Hapa ndipo wengi huharibu wakidhani wanatunza: wanaoosha magari mtaani wengi hutumia maji ya kisima, na visima vya karibu na pwani vina chumvi. Uliza kama ni ya mfereji. Rejeta nayo isionjeshwe maji ya kisima kabisa, ni kulanti na maji yaliyosafishwa.

Kama unaagiza Japani, omba karatasi ya mnada. Herufi S kwenye mchoro wa gari ni kutu, C ni kutu iliyokula chuma. Daraja R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Magari ya kaskazini mwa Japani hupita kwenye theluji yenye chumvi, kwa hiyo picha za chini ni lazima, la sivyo unauziwa mbuzi kwenye gunia. Sheria ya Kenya hairuhusu gari la zaidi ya miaka 8: mwaka 2025 mstari ulikuwa usajili wa kwanza wa 2018. Kodi hukokotolewa kwa bei ya orodha ya KRA iliyopunguzwa kulingana na umri, si kwa bei uliyolipa. Tangu 2023 ushuru wa forodha ni asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500 na 25 kwa SUV hizi za lita mbili, kisha VAT ya 16 juu ya vyote. Ndiyo maana CR-V ya turbo ya cc 1498 inastahili kupigiwa hesabu, ingawa nayo ya safari fupi inuswe kijiti cha oili kama kina harufu ya petroli.

Ukienda kulijaribu gari, ulikute injini ikiwa baridi. Lililokwishapashwa moto lina cha kuficha. Kanyaga breki, peleka gia R, kisha D: likichelewa zaidi ya sekunde moja au likishtuka, uliza kwa nini. Endesha taratibu kutoka 20 hadi 60 ukisikiliza mtetemo. Kata usukani hadi mwisho, zunguka duara pande zote mbili: mlio wa ka-ka-ka ni jointi za ekseli, na gari la 4WD likijivuta kama limefungwa kamba, kiungo cha nguvu au tairi zina kasoro. Kisha kiyoyozi kiwashwe nusu saa, gari likiwa limesimama juani.

Fungua pia sakafu ya buti. CX-5 na Vezel nyingi za Japani hazina tairi la spea, zina chupa ya gundi na pampu, na gundi hiyo haizibi ubavu uliopasuka. Linunue pamoja na jeki kabla hujavuka daraja la Sabaki. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ya kila tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Redio nyingi za Kijapani nazo huishia 90 au 95 FM, kwa hiyo weka kando pesa za kifaa cha kupanua masafa, au nyumba nzima itasikiliza stesheni moja mpaka Mombasa.