Mji usio na meya: makazi yasiyosajiliwa ya Marekani

Ramani ya vijijini Marekani imejaa majina ya mahali ambapo, kisheria, hakuna mji. Watu wapo, kanisa lipo, makaburi yapo, hata kibao cha jina kimesimikwa barabarani. Kinachokosekana ni hati ya jimbo inayolifanya eneo kuwa manispaa: wakazi hawakuwahi kuiomba, au walikuwa nayo wakaiacha. Mahali pa namna hiyo ndipo panapoitwa makazi yasiyosajiliwa.

Bila hati hakuna meya, madiwani, kodi ya mji wala polisi wa mji. Kaunti, yaani sehemu ya jimbo mfano wa wilaya, ndiyo inayobeba shughuli hizo, na askari utakayemwona ni wa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Katika baadhi ya majimbo, Kansas likiwamo, chini ya kaunti kuna ngazi nyingine ndogo, mfano wa kata, yenye madaraka machache. Mtanzania aliyezoea kijiji chenye mwenyekiti na mtendaji atashangaa, maana hapa hata mpaka wa kisheria haupo. Watu wa sensa huchora mstari wao wa kuhesabia, basi.

Sasa, mahali ambapo sheria haipatambui hupataje historia? Tazama Nicodemus, kaskazini magharibi mwa Kansas, katika kaunti ya Graham.

Makazi haya yalianzishwa mwaka 1877 na W. R. Hill, mzungu mfanyabiashara wa ardhi, pamoja na mchungaji mweusi W. H. Smith na wenzake. Walowezi walikuwa Wamarekani weusi, wengi kutoka Kentucky, waliotoka utumwani miaka kumi na kitu tu kabla. Matangazo yaliwaahidi nchi yenye rutuba. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia baadaye kwamba alipoonyeshwa Nicodemus aliona moshi tu ukitoka ardhini. Watu waliishi kwenye mashimo waliyochimba, kwa kuwa uwanda ule haukuwa na miti ya kutosha kujengea. Alilia. Baadhi ya wenzake waligeuza njia na kuondoka.

Waliobaki walifanya kazi ya ajabu. Katika miaka ya 1880 palikuwa na makanisa, shule, hoteli, posta, maduka na magazeti mawili. Mkazi mmoja, Edward McCabe, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas.

Kilichobaki kilikuwa reli, nayo ndiyo iliyoamua mambo. Mwaka 1887 wapiga kura wa kata walikubali kukopa dola 16,000 kwa hati za dhamana ili kuivuta kampuni ya Missouri Pacific. Mazungumzo yakavunjika. Kampuni ya Union Pacific nayo ikapitisha njia yake ng'ambo ya mto Solomon, maili chache kutoka hapo, na mwaka 1888 wenye maduka wakahamia huko, penye mji wa Bogue leo. Wengine walibeba hadi majengo yao. Binafsi naona hapa ndipo maana ya dhana hii inapojionyesha: hakuna aliyehitaji kuufuta mji, kwa sababu hapakuwa na cha kufuta. Katika makazi ya aina hii uhai huonekana kwenye posta, shule na duka, na posta ya Nicodemus ilifungwa mwaka 1953.

Hata hivyo wakulima hawakuondoka wote. Ukumbi wa kata uliojengwa mwaka 1939 chini ya mpango wa serikali wa kuwapa kazi wasio na ajira bado umesimama. Mwaka 1996 bunge la Marekani lilipatangaza mahali hapo kuwa eneo la kihistoria la taifa, kwa hiyo wahifadhi wa serikali kuu wanatunza kumbukumbu ya mji ambao haujawahi kuwa na meya.

Sensa ya mwaka 2020 ilikuta wakazi 14. Mwishoni mwa Julai idadi hiyo hupanda sana, pale wajukuu na vitukuu vya walowezi wanaporudi kutoka majimbo mbalimbali kwa sherehe yao ya kila mwaka, iliyoanza kama maadhimisho ya kukomeshwa utumwa.