Unauza sarafu na noti za zamani mtandaoni? Mchuje mnunuzi kabla hujataja bei ya mwisho

Tangu Benki Kuu iziondoe kwenye mzunguko zile noti za zamani, za toleo la 1985 mpaka 2003 pamoja na mia tano ya karatasi ya 2010, na dirisha la kubadilisha likafungwa tarehe 5 Aprili 2025, maswali yanayotufikia kitengo cha ushauri wa biashara hapa chuoni Mwanza yamebadilika kabisa. Zamani mtu alikuja kuulizia leseni na mtaji. Siku hizi anakuja na bahasha ya noti za marehemu babu yake, au rupia ya Mjerumani, yaani sarafu ya enzi za ukoloni wa Wajerumani, aliyoikuta chini ya sanduku, au saa ya kujaza ufunguo, au santuri za bendi za miaka hiyo, anataka kuposti Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp, na swali lake la kwanza ni bei. Mimi huwa namwambia bei tutaifikia, kwanza tuongelee utamuuzia nani, maana aliyeuza kwa bei ya chini angalau kapata hela, ila aliyempa mtu mbaya mzigo anaweza kukosa vyote viwili.

Kosa ninaloliona sana ni muuzaji kumchuja mtu kwa kumsikiliza anavyoongea. Anaongea kwa adabu, profaili yake ina picha ya familia, anajitambulisha ni mtumishi wa Mungu, au anakusalimia Kisukuma vizuri kabisa ujue ni mtu wa nyumbani, basi moyo unalainika. Ndugu yangu, hayo yote tapeli ndiyo ajira yake, anayafanya kila siku kuliko wewe unavyouza. Chuja kwa masharti. Unayaandika masharti yako ya kuuza, yawe mafupi, yawe yale yale kwa kila mtu, unamtumia kila anayekuja inboksi kabla ya kuanza kubishana bei, halafu unaangalia anavyoyapokea. Mtu anayekitaka kitu chako atauliza, atapunguziana na wewe hapa na pale, ila hatakimbia. Mwenye shida zake ataanza: mbona huniamini bosi, mbona wengine hawana masharti, mimi niko njiani nasafiri, fanya haraka.

Na hili sio la kwetu tu. Kule Marekani kwenye eBay, soko la mtandaoni ambako watu wanauziana sarafu na stempu za hela nyingi, tangu 2008 muuzaji haruhusiwi kumpa mnunuzi alama mbaya, kwa hiyo kuangalia sifa za mnunuzi peke yake hakumsaidii sana. Walichonacho ni masharti yaliyomo ndani ya mtandao wenyewe: muuzaji anaweza kuwazuia wanunuzi wenye rekodi ya kutolipa, anaweza kuzifungia nchi ambazo hatumi mzigo, ana orodha yake ya watu aliowablok, anaweza kudai malipo hapo hapo, na mnunuzi akikaa siku 4 hajalipa oda inaweza kufutwa. Mzigo wa kuanzia dola 750 unatakiwa usainiwe na anayepokea, bila saini muuzaji hana kinga mnunuzi akisema hajapata kitu. Sisi tunaouza kwa WhatsApp hayo yote hatunayo, kwa hiyo lazima tuyatengeneze wenyewe kwa maandishi.

Sasa nikuonyeshe meseji mbili za mfano, soma taratibu. Ya kwanza: "Bosi sarafu ipo? Nachukua zote usimuuzie mtu. Nipe jina kamili na namba ya akaunti, shemeji yako yuko Dubai atakurushia leo leo." Ya pili: "Habari kaka, naomba picha ya ukingo. Uzito wake ni gramu ngapi? Imewahi kusuguliwa?" Wauzaji wengi wanamfurahia wa kwanza na wanamuona wa pili msumbufu, na mimi nasema ni kinyume chake kabisa. Mnunuzi wa kweli wa sarafu anauliza habari za sarafu, anajua iliyosuguliwa na dawa ya meno au majivu imeshapoteza thamani, anajua zipo za kughushi. Yule mwingine hajaulizia mwaka, hajaulizia hali yake, hajapunguza hata mia, anauliza habari zako wewe na akaunti yako. Ukiona mtu hana haja na kitu anachodai anakinunua, simama hapo hapo.

Wapo pia wa ile stori kwamba shilingi moja ya Nyerere inanunuliwa mamilioni. Anakuja mtu anakubali bei yoyote unayotaja, kesho yake anasema kuna ada ya usajili, kuna kodi, kuna cheti, tuma kwanza elfu hamsini hela yako itoke. Utapeli huu umezunguka dunia, India Benki Kuu yao ilitoa onyo Agosti 2021 kwamba kuna watu wanatumia jina la benki kudai ada na komisheni kwa wenye noti na sarafu za zamani. Mnunuzi ndiye anayetoa hela. Akikuomba wewe ulipe ili uje ulipwe, huyo mblok, usimjibu hata kwa hasira.

Kwenye malipo naomba nikae kidogo maana ndiko watu wanakoumia. Meseji ya muamala sio hela, mtu anaweza kukuandikia meseji inayofanana herufi kwa herufi na ya mtandao, kiasi, kumbukumbu namba, salio jipya, ila imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Usisome meseji, fungua menyu uangalie salio lako mwenyewe, na kama ni simu ya mke wako au ya dukani piga umuulize aangalie yeye kabla hujatoa mzigo mkononi. Skrini shoti ndio usiiangalie kabisa. Halafu yupo anayelipa kweli, akishapata mzigo anapiga huduma kwa wateja anadai alikosea namba anaomba muamala urudishwe, sasa huyu unamzuia mapema kwa sharti moja dogo: kabla hajalipa aandike mwenyewe kwenye chati kwamba nanunua kitu fulani, kwa shilingi kadhaa, nalipa kwa namba hii iliyosajiliwa kwa jina langu. Jina la mlipaji na jina la mpokea mzigo yawe yale yale. Ukiambiwa atalipa shemeji, atapokea kijana wake, na anayechati ni mtu wa tatu, hapo ukitokea mgogoro hujui hata umdai nani. Na kama unauza nje ya nchi kwa mtu anayelipa kwa kadi, kumbuka mwenye kadi ya Visa kwa kawaida ana mpaka siku 120 za kupinga malipo kupitia benki yake, kwa hiyo hela kuingia haimaanishi imekaa.

Namba ya siri na zile tarakimu zinazokuja kwa meseji hazihusiani na kupokea hela, hilo tuliishie hapo.

Kuna mnunuzi mwingine ambaye hazungumzwi sana na ndiye anayewaliza wenye vitu vya thamani, yule wa kubadilisha. Unamtumia rupia nzuri, siku ya tatu anarudisha anasema haiko kama kwenye picha, ukifungua bahasha unakuta rupia kweli, ya mwaka ule ule, ila sio yako, hii imechoka na imetobolewa tundu la mkufu likazibwa. Dawa yake ni kukitambulisha kitu chako kabla hakijatoka. Rupia moja ya fedha ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, ni karibu gramu 7.17. Nenda kwa sonara yeyote mjini, Mwanza ni mji wa dhahabu mizani ya gramu haitusumbui, weka sarafu juu ya mzani, washa video isiyokatika: namba ya mzani inaonekana, unageuza upande wa Kaiser, mfalme wa Ujerumani, na kofia yake ya tai, unageuza nyuma, unazungusha ukingo taratibu, unasogeza kamera kwenye kila mkwaruzo mpaka ule mdogo karibu na sikio, halafu unaifunga na kuandika jina la mpokeaji bila kuzima kamera. Hiyo video mtumie mnunuzi kabla hajalipa, na sharti lako liseme kurudisha ni ndani ya saa 48 na kitu kitapimwa na kulinganishwa na video. Mwenye mpango wa kubadilisha akishaiona video mara nyingi anapotea mwenyewe, na hapo umemchuja bila ugomvi.

Wale wa "niwekee nakuja mwisho wa mwezi" sio matapeli, ni wapoteza muda. Wadai kianzio na tarehe ya kumalizia, basi.

Yupo wa kumkatalia moja kwa moja hata akiwa na hela mfukoni, anayeulizia pembe za ndovu, au anayetaka ngoma za watemi na vitu vya jadi vya kale avisafirishe nje kimya kimya. Pembe ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009, na mambo ya kale yana sheria yake tangu 1964, kuyatoa nchini kunahitaji kibali. Vitu vya namna hiyo kaviulizie makumbusho ya Bujora pale Kisesa, watakueleza thamani yake kwa ukoo wako na kwa Wasukuma wote, na mimi binafsi inaniuma sana nikiona mtu anaiuza ngoma ya babu yake kwa bei ya simu.

Makabidhiano, kama mnunuzi yuko Mwanza kutaneni ndani ya benki, alipe kaunta moja kwa moja kwenye akaunti yako, noti akague mhudumu, wewe ukabidhi na msaini karatasi. Anayekataa benki akataka mkutane jioni Kamanga au baa ya Kirumba, ahirisha. Kama yuko Bukoba, Musoma au Ukerewe tuma kwa njia yenye risiti na jina, kitu cha laki nane usimkabidhi kondakta pale stendi Nyegezi kwa maneno ya "nitampa mwenyewe".

Mwisho kuna jambo wauzaji wanalikosea kwa nia njema. Wanadai picha ya kitambulisho cha NIDA kwa kila mnunuzi, halafu wakigombana wanairusha kwenye grupu, "jihadharini na huyu". Kitambulisho chenyewe mara nyingi kimeibwa kwa mtu mwingine aliyetapeliwa kabla yako, kwa hiyo unamchafua asiyehusika, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, wewe ndiye utakayejibu. Akija ana kwa ana kiangalie, linganisha jina, mrudishie. Ukitapeliwa au ukijaribiwa, namba ile ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, usifute chati hata moja, beba simu yako na ile video ya mzani uende polisi ukafungue jalada, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Nenda siku hiyo hiyo, kabla laini haijazimwa na hela haijatolewa kwa wakala.