Je, wajua kwa nini maabara hupima uzito wa molekuli ili kujua hali ya figo?

Mtu anapopimwa figo, daktari hutazama kwanza namba ya kreatinini. Hii ni taka ya misuli. Huingia kwenye damu usiku na mchana, na figo ndizo zenye kazi ya kuitoa, zikidhoofika, hurundikana. Njia kongwe ya kuipima ni ya rangi. Mwaka 1886 Max Jaffe alieleza kwamba kreatinini ikichanganywa na asidi ya pikriki ndani ya alkali, mchanganyiko hugeuka rangi ya chungwa inayoelekea wekundu, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo kreatinini ilivyo nyingi. Ni njia rahisi na ya haraka, na mpaka leo iko katika maabara nyingi.

Tatizo ni kwamba vitu vingine pia huleta rangi hiyo: glukosi ikizidi, ketoni, protini, hata baadhi ya antibayotiki za jamii ya sefalosporini. Fikiria basi anayeumia ni nani. Mgonjwa wa kisukari ndiye hupandisha sukari na ketoni, na ndiye ambaye figo zake zinahitaji kuchungwa kwa karibu zaidi. Kipimo kinamkosea yule yule anayekitegemea. Tena uwezo wa figo kuchuja unaweza kushuka karibu kwa nusu kabla kreatinini haijavuka kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida, kwa hiyo habari ya mapema imejificha kwenye tofauti ndogo sana za namba. Hapo kosa dogo ni kosa kubwa.

Spektrometa ya masi, yaani mashine inayopima uzito wa molekuli, haijali rangi. Huzipa molekuli chaji ya umeme, kisha huzitenganisha kwa uwiano wa uzito na chaji. Francis Aston alikamilisha mashine yake ya namna hii mwaka 1919, akaitumia kuchunguza isotopu, yaani atomu za elementi moja zinazotofautiana uzito, na mwaka 1922 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia. Molekuli kubwa za mwili ziliendelea kusumbua kwa miaka mingi, maana zilivunjika kabla ya kupimwa. John Fenn alizirusha kama ukungu mwembamba kupitia sindano yenye volti nyingi, nazo zikafika zikiwa nzima. Aligawana Nobel ya mwaka 2002 na Koichi Tanaka, aliyefikia lengo hilo kwa kutumia leza, na Kurt Wüthrich, ambaye kazi yake ilikuwa ya njia nyingine kabisa.

Sasa tufuate sampuli moja ya damu. Kabla ya jambo lolote, mtaalamu huiongezea kiasi anachokijua barabara cha kreatinini iliyotengenezwa maalumu: atomu 3 za hidrojeni ndani yake ni za aina nzito. Tuiite pacha. Kikemia hufanana na kreatinini ya mgonjwa karibu kwa kila kitu, ila huizidi uzito kwa vizio 3. Kisha protini huondolewa, majimaji hupitishwa kwenye safu inayotenganisha vitu vilivyomo, kila kimoja kikitoka kwa wakati wake, kisha huingia kwenye mashine. Kichujio cha kwanza huruhusu ioni (molekuli zenye chaji) za uzito wa 114 tu, yaani kreatinini iliyobeba protoni moja. Hizo hugonganishwa na gesi mpaka zivunjike, na kichujio cha mwisho huruhusu kipande cha 44 peke yake. Pacha naye hupita kwa njia yake: 117, kisha 47. Kitu kigeni kitakachobahatika kuwa na uzito wa 114, kisha kikavunjika na kutoa 44, tena kikatoka kwenye safu kwa dakika ile ile, ni nadra mno.

Lakini nguvu halisi ya njia hii iko kwa pacha. Tuseme nusu ya sampuli imepotea njiani. Pacha naye amepotea nusu, na uwiano kati yao haujaguswa. Kama uliweka vizio 100 vya pacha na mashine ikaona kreatinini ya mgonjwa ni nusu yake, jibu ni 50, hata kama mikono ilitetereka katikati. Mimi sijui kipimo cha kemia kilichofikiriwa vizuri kuliko hiki.

Si lazima kila hospitali iwe na mashine hiyo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, huandaa sampuli za majimaji ya damu ambazo kreatinini yake imehakikiwa kwa njia ya pacha, na vipimo vya kawaida hurekebishwa vifuate hizo. Athari yake ilifika hadi kwenye fomula: ile iitwayo MDRD, ya kukadiria uchujaji wa figo, ilikuwa ikianza na 186, mwaka 2006 ikatolewa upya ikianza na 175, ili iendane na kreatinini iliyopimwa kwa usahihi.

Kuna mahali ambapo uzito peke yake hautoshi. Molekuli mbili ziitwazo ADMA na SDMA, zote zikitokana na asidi amino iitwayo arginini, zina uzito sawasawa. Kila moja ikibeba protoni moja husomeka 203. Ila SDMA hutolewa na figo, hivyo hueleza uchujaji, ilhali ADMA huvunjwavunjwa zaidi na kimeng'enya, nayo huzuia utengenezaji wa naitriki oksaidi inayolegeza mishipa ya damu. Ukizipasua zinajitambulisha: SDMA hutoa kipande cha 172, ADMA hutoa cha 46.

Kwa watoto wachanga faida ni kubwa zaidi. Tone la damu ya kisigino lililokaushwa kwenye karatasi linatosha kupima asidi amino na asilikarnitini (molekuli zinazobeba mafuta ndani ya seli) nyingi kwa dakika chache. Fenilalanini, mojawapo ya asidi amino hizo, ikiwa juu huashiria fenilketonuria, ugonjwa unaoharibu ubongo usipodhibitiwa kwa lishe tangu mwanzo. Zamani kipimo kimoja kilitafuta ugonjwa mmoja. Sasa tone moja hutafuta magonjwa kadhaa.

Na mashine hii haipimi tu, hugundua pia. Mwaka 2009 watafiti waliitumia kutambua PLA2R, protini ya figo inayoshambuliwa na kinga ya mwili katika wagonjwa wengi wa nefropathi ya utando, ugonjwa wa vichujio vya figo. Kingamwili dhidi yake sasa hupimwa kwenye damu bila spektrometa yoyote, na mgonjwa anayevuja protini nyingi kwenye mkojo, akiwa na kingamwili hizo huku figo zake zikichuja vizuri, mara nyingi hahitaji tena kuchomwa sindano ya kutoa kipande cha figo.