Je, wajua kwa nini mkwaruzo wa pikipiki Mombasa hauponi kwa rangi peke yake?

Ukivuka feri ya Likoni na pikipiki saa ya msongamano, alama utaipata tu. Mkokoteni unapita, kona ya kreti ya soda inagusa tangi, na mstari mweupe wa urefu wa kidole umeshaingia. Wengi wetu hununua kopo la rangi ya kupuliza siku hiyo hiyo, tukapuliza mara mbili tatu, mstari ukapotea na roho ikatulia. Wiki chache baadaye, pale pale, rangi inavimba kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Ukilibonyeza lile lengelenge kwa ukucha linapasuka, na ndani mna unga wa kahawia. Kutu.

Mimi yalinifika hayo kwenye tangi jekundu nililokuwa nikilitunza kama mboni ya jicho. Nikailaumu rangi. Lakini rangi haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika maji niliyooshea kabla ya kupaka.

Tuanze na huo mstari mweupe. Tangi la chuma halina rangi moja tu. Chini kabisa kuna praima inayoshika chuma, juu yake rangi yenyewe, na mara nyingi juu ya rangi kuna tabaka angavu ambalo mafundi huliita kliya. Zote tatu ukizipanga pamoja, unene wake ni kama karatasi moja ya daftari. Mkwaruzo ulioingia kwenye kliya peke yake huonekana mweupe hata kama tangi ni jekundu au jeusi, kwa sababu kingo za ule mfereji zinatawanya mwanga badala ya kuupitisha. Dondoshea tone la maji juu yake uangalie kwa karibu. Mstari ukipotea maji yakiwapo na kurudi yakikauka, rangi yako iko salama na kazi ni ya kung'arisha tu. Maji yameujaza mfereji, mwanga umepita moja kwa moja, na jicho halioni tena kingo.

Kisha pitisha ukucha ukiukata mstari, usiufuate. Ukucha ukiteleza, msasa wa maji namba 2000 pamoja na dawa ya kung'arishia rangi vitaumaliza. Hata dawa ya meno nyeupe hufaa kwa alama ndogo, maana ina chembe laini za kusugua, ila usiijaribu kwenye rangi isiyong'aa: itaacha doa linalometa ambalo halitoki. Ukucha ukinasa, tazama chini ya mfereji. Ukiona kijivu, umefika kwenye praima. Ukiona chuma kinametameta, saa imeshaanza kuhesabu.

Hesabu hiyo huku kwetu huenda mbio. Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa, na chumvi huongeza kasi kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri, nayo kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea juu ya chuma. Lakini si hivyo tu. Chumvi huvuta maji kutoka hewani. Kila mama wa Pwani analijua hilo, ndiyo maana tunatia punje za mchele kwenye kikopo cha chumvi. Unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe, na Mombasa unyevu huo tunaamka nao. Chumvi ya bahari ina pia magnesiamu kloridi, ambayo huvuta maji hata hewa ikiwa kavu zaidi. Kwa hiyo punje zilizoletwa na upepo wa kusi zikakaa ndani ya mkwaruzo huufanya ubaki na majimaji usiku kucha, hata kama haijanyesha hata tone.

Sasa fikiria umepaka rangi juu ya punje hizo. Rangi haizuii maji kabisa. Mvuke hupenya kidogo kidogo. Chumvi iliyofungiwa chini huuvuta, maji yanakusanyika, rangi inanyanyuka. Na kutu yenyewe huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo nayo inasukuma kutoka chini. Hilo ndilo lengelenge langu.

Na chumvi yangu haikutoka baharini moja kwa moja. Niliosha tangi vizuri, kwa sabuni, kwa maji ya kisima cha nyumbani. Visima vingi vya kisiwani na vya pwani vina maji ya chumvi; tunaogea, tunafulia, lakini ya kunywa tunanunua kwa muuza maji wa mkokoteni. Yale maji ya kisima yalipokauka juani yaliacha chumvi yake ndani ya mkwaruzo, nami nikaifunika kwa mikono yangu. Mtungi mmoja wa maji matamu ungeniokoa. Maji ya mvua yaliyokingwa safi yanafaa pia.

Basi ukitaka kufanya kazi hii nyumbani, nguvu yako iweke kabla ya kufungua kopo la rangi. Litoe tangi kwenye pikipiki, mwaga petroli mahali salama, na ufanye kazi uani, mbali na jiko. Tangi tupu lina hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani hubaki mvuke: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi ukutane na moto. Osha kwa sabuni na maji matamu, halafu futa kwa kitambaa chenye thina kidogo, yaani maji ya kuyeyushia rangi. Usiruke hatua hii, hasa kama pikipiki hupakwa ile dawa ya kung'arisha matairi. Ina silikoni, na silikoni ikibaki, rangi mpya itajikunja na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki. Ukipiga msasa kabla ya kuifuta, unazidi kuisambaza.

Kwa kutu tumia msasa namba 240 au 320 mpaka chuma king'ae, kisha 400 na 600 kuzilainisha kingo za rangi ya zamani, hadi kidole kikipita kisihisi ngazi. Angalia kwa makini vidoa vyeusi vilivyobaki ndani ya chuma, vidogo kama mbegu za ufuta. Humo ndimo chumvi hujificha. Suuza tena kwa maji matamu, sugua kwa brashi ya waya, suuza tena.

Vidoa visivyotoka vina dawa yake ya dukani, inayogeuza kutu kuwa kitu kigumu cheusi kisichoendelea kula. Baadhi ya dawa hizo hutumia tanini, na hapa sisi watu wa Pwani tuna ujuzi wa zamani bila kujua. Tanini ndiyo iliyomo kwenye magome ya mikoko, mkandaa ukiwemo, yaliyotumika kutengenezea ngozi na kutia rangi. Chai kavu, isiyo na maziwa, tunayoiita mkandaa nayo ina tanini. Tia msumari wenye kutu kwenye kikombe cha mkandaa mzito, uuache hadi kesho, uone unavyoingia weusi. Sisemi upake chai kwenye tangi. Ya dukani imepimwa nguvu yake. Nasema tu kwamba kazi ni ile ile.

Chuma kikishakuwa uchi, praima ipakwe siku hiyo hiyo. Kikilala usiku mmoja katika hewa yetu, asubuhi utakuta utando wa rangi ya chungwa na kazi inaanza upya. Lakini pia usipulize alfajiri wala magharibi. Thina inapokauka huchukua joto, uso wa rangi unapoa, na hewa ikiwa na unyevu mwingi maji hutua juu yake kama kwenye chupa ya soda baridi. Kliya inageuka ukungu mweupe. Saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, kivulini, siku isiyo na mvua, ndio wakati wangu. Juani kabisa nako kubaya: matone hukauka kabla hayajatulia, na uso unakuwa wa kukwaruza. Kopo lisimame kama shubiri moja na ushee kutoka kwenye tangi, mkono usisite, tabaka ziwe nyembamba tatu au nne. Tabaka moja nene hutiririka.

Mkwaruzo mwembamba hauhitaji kopo la kupuliza hata kidogo. Chukua kijiti cha meno, chovya, dondoshea rangi ndani ya mfereji na uiache ijae kidogo kupita kiasi, kwa kuwa itanywea ikikauka. Rudia kesho. Baada ya siku kadhaa, sawazisha kwa msasa 2000 uliolowa maji ya sabuni, kisha ng'arisha.

Kuhusu kulinganisha rangi, namba ya rangi mara nyingi hubandikwa chini ya kiti, lakini inataja rangi ya siku ilipotoka kiwandani. Jua la miaka mitatu limeshaififisha. Fungua kifuniko cha ubavuni ukipeleke dukani wachanganye kwa kukitazama. Kifuniko hicho kwa kawaida ni cha plastiki. Sumaku haikishiki, na mkwaruzo wake hauna kutu, kwa hiyo huo unaweza kusubiri.

Limebaki la kliya. Ya kopo la kawaida hulainika petroli ikiimwagikia, na kwenye tangi petroli humwagika kila siku. Ile ya kuchanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, huihimili petroli, lakini moshi wake una isosayaneti, sumu inayoweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa au ya hospitali haiizuii. Kama huna barakoa ya vichujio vya kemikali, tayarisha tangi wewe mwenyewe mpaka praima na rangi, kisha mpelekee fundi aliye na vifaa apige kliya hiyo peke yake. Tangi langu nililimaliza hivyo. Kituoni namwomba anayenijazia asifikishe petroli kwenye mdomo wa tangi, na kila nikishuka feri nalimiminia lita moja ya maji matamu kabla sijaingia ndani.