Obama, rangi na kura: yanayosemwa na yaliyotokea

Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani Novemba 4, 2008, sisi Wakenya tulitangaziwa mapumziko ya kitaifa siku mbili baadaye. Mwanzoni mwa mwaka huohuo tulikuwa tumeuana kwa sababu ya uchaguzi, na kwa mazoea yetu ya kuhesabu kura kwa kabila, ushindi wake nao tukaupimia kipimo hichohicho.

Dhana: Ni weusi wenzake waliomweka Ikulu

Hii ndiyo inayorudiwa mno. Kweli, kati ya kila Wamarekani weusi 100 waliopiga kura, 95 hivi walimchagua. Lakini weusi walikuwa kama asilimia 13 tu ya wapiga kura wote. Wazungu walikuwa 74. Obama alipata asilimia 43 ya kura za wazungu. Ukipiga hesabu, karibu kura 6 kati ya kila 10 alizopata zilitoka kwa wazungu.

Tena mambo yalianzia Iowa, jimbo la wazungu karibu watupu, aliposhinda mchujo wa Chama cha Democratic Januari 3, 2008, Hillary Clinton akawa wa tatu. Kabla ya hapo weusi wengi walikuwa wakisitasita, au wako upande wa Clinton. Hawakuamini kwamba wazungu wangemchagua mtu mweusi.

Dhana: Basi ubaguzi ulikuwa umekwisha

Haukuwa umekwisha hata kidogo. Asilimia 55 ya wazungu walimpigia John McCain, mpinzani wake wa chama cha Republican. Ila hapo napo pana jambo la kuangalia: tangu Rais Lyndon Johnson mwaka 1964, hakuna mgombea wa Democratic aliyeongoza kwa kura za wazungu. Mwaka huo Johnson alitia saini sheria ya haki za kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, na wazungu wa Kusini wakazidi kukihama chama chake. Mwaka 2004 mgombea wa Democratic John Kerry, mzungu, alipata asilimia 41 ya kura hizo, pungufu ya alizopata Obama. Kwa hiyo rangi ilikuwa imeshajikita ndani ya vyama kabla Obama hajajulikana. Na mahali pana uzito wake: Alabama ni kama mzungu 1 kati ya 10 aliyempigia, ilhali Vermont wazungu wengi walikuwa wake.

Uchumi nao ulichangia ushindi wake. Benki ya Lehman Brothers ilianguka Septemba 15, wiki saba kabla ya kura.

Dhana: Alizaliwa Kenya

Alizaliwa Honolulu, Hawaii, Agosti 4, 1961. Baba yake ndiye Mkenya. Aliandamwa na uvumi huo hadi Ikulu ikatoa nakala kamili ya cheti chake Aprili 2011. Aliyezaliwa nje ya majimbo ya Marekani ni mpinzani wake McCain, kwenye kambi ya jeshi la Marekani katika eneo la Mfereji wa Panama. Jambo hilo liliulizwa kidogo, likaachwa.