Sili ya fimbo na uchaguzi wa malighafi yake

Sili ya fimbo ni pete inayokaa kwenye mdomo wa silinda, pale fimbo ya pistoni inapotokeza nje, ili mafuta, maji au mvuke ulio ndani usivuje huku fimbo ikienda na kurudi. Katika pampu nyingi kazi hiyo hufanywa na pakingi, yaani kamba iliyosukwa, ikakatwa pete na kubanwa kwa kifuniko chenye bolti. Gasketi iliyo kati ya vyuma visivyosogea hubanwa ikatulia. Sili ya fimbo haistahimili hivyo, kwa sababu inahitaji utando mwembamba sana wa kimiminika chini yake, na ikiukosa hupata moto, hukakamaa na kupasuka.

Wengi huanza kwa kuuliza shinikizo. Inafaa kuanza na kimiminika. Mpira wa nitrili hustahimili mafuta ya haidroliki yatokanayo na petroliamu hadi joto la takriban nyuzi 100 za Selsiasi. Mpira wa EPDM hufaa kwa maji moto, mvuke na mafuta ya breki yenye glikoli, lakini ukikutana na mafuta ya petroliamu huvimba, hulainika na kuharibika. Hatari yake ni kwamba mara nyingi pete zote mbili ni nyeusi, huweza kuwa na kipimo kimoja, na fundi huipachika isiyofaa bila kuona dalili yoyote hadi mtambo utakapoanza kazi. Kwa hiyo pete zilizochanganywa katika kopo moja bila lebo hazifai kutumika kabisa.

Shinikizo hufuata. Katika ekskaveta shinikizo la mafuta huweza kupita bar 300, na mpira laini husukumwa ndani ya upenyo ulio kando ya fimbo, ukameguka kidogo kidogo. Hapo hutumika poliyurethani, plastiki inayonyumbuka kama mpira, ambayo ni ngumu na haichubuki upesi, ingawa aina zake nyingi hudhoofishwa na maji moto. Au mpira huongezewa pete ngumu ya kuukinga kwa nyuma. PTFE, plastiki ijulikanayo pia kama tefloni, hustahimili karibu kemikali zote na joto la hadi nyuzi 260, tena msuguano wake ni mdogo, lakini hainyumbuki kama mpira, hivyo huhitaji oringi (pete ya mpira ya mviringo) au springi ya kuisukuma iikumbatie fimbo.

Kwa pakingi za mvuke, grafiti imechukua nafasi ya asbestosi, ambayo vumbi lake husababisha saratani. Pakingi ya nyuzi za aramidi, yaani nyuzi imara za sintetiki kama Kevlar, hustahimili tope lenye mchanga, ila hula fimbo isiyo ngumu.

Mwisho ni fimbo yenyewe. Kwa sili za haidroliki, ukwaruzo wa uso wake kwa kawaida hutakiwa uwe kati ya mikromita 0.1 na 0.4: ukizidi, sili hulika; ukipungua kupita kiasi, utando wa mafuta haushiki. Fimbo ambayo tabaka lake la krome limebanduka itaikata sili mpya ya malighafi yoyote, kwa hiyo ikaguliwe na kutengenezwa kabla ya sili kuagizwa.